Chai Ipi?

Sogeeni karibu, wanangu, niwasimulie habari ya neno moja. Nitaanza na sentensi fupi mno, ya maneno mawili tu: Chai imeanguka.

Msichana wa hadithi yetu tumwite Chepkoech, jina ambalo Wakipsigis humpa binti aliyezaliwa kunapopambazuka. Kwao ni Konoin, katika kaunti ya Bomet, upande ule ambao ukisimama juu ya kilima unaona mashamba ya majani chai yameteremka hadi mtoni, kisha yakapanda tena ng'ambo ya pili. Asubuhi moja kaka yake mdogo anaingia jikoni mbio, anahema, anapiga kelele, "Chai imeanguka!"

Mama anageuka haraka kutazama mezani. Chupa ya chai imesimama wima, haijamwagika hata tone. Kogo, maana hivyo ndivyo Wakipsigis wanavyomwita nyanya, anachungulia nje na kuguna, kwa sababu usiku kulinyesha mvua ya mawe, na mawe yakipiga shamba huangusha machipukizi na kuchanachana majani hadi chini ya miti kukawa kijani kuliko juu. Baba anatoa simu mfukoni. Jana kulikuwa na mnada Mombasa, na yeye amesikia kwamba bei imeporomoka. Kumbe mtoto hakumaanisha lolote kati ya hayo. Gunia la majani waliloliegemeza ukingoni mwa barabara likingoja kupelekwa kituoni limeviringika na kutumbukia mtaroni.

Watu wanne, sentensi moja, na kila mmoja amesikia hasara yake mwenyewe. Hakuna aliyekosea Kiswahili. Mama ana haki, kogo ana haki, baba ana haki, na mtoto naye amesema kweli. Katika nchi ya Kericho na Bomet neno chai limefanya kazi nyingi hata likazoea kubeba maana kadhaa kwa wakati mmoja, na mtu anayekulia huko hujifunza mapema kuuliza: chai ipi?

Jaribuni na nyingine: Chai imeungua. Jikoni ina maana kwamba maziwa yameshika chini ya sufuria na harufu imejaa nyumba nzima. Shambani ina maana ya baridi. Mwezi wa Januari, anga likiwa jeupe na usiku ukiwa mtulivu, sakitu hushuka mabondeni ikayaunguza majani, na jua likishapanda unayaona yamegeuka rangi ya kahawia kama yaliyopitiwa na moto. Kiwandani mambo ni mengine tena: mtambo wa kukaushia umezidisha joto, na shehena nzima imepata ladha ya moshi ambayo mnunuzi ataikataa. Sentensi ni ileile. Anayeisema amesimama wapi? Hapo ndipo penye jibu.

Nyinyi mnalijua jambo hili bila kufundishwa na mtu. Mkisikia mtu amekunywa chai, hamwazi kwamba ametafuna mti. Mkisikia chai inapogolewa, hamwendi kutafuta kikombe. Masikio yenu yanayatazama maneno jirani, kunywa, kuchuna, kupima, kupogoa, kutoa, kisha yanachagua maana moja na kuziacha nyingine zote, na kazi hiyo inakwisha kabla hamjapepesa macho. Mimi naiona ni kazi ya ajabu sana, na mtoto wa miaka minne anaiweza.

Basi tuanze na kikombe. Katika nyumba nyingi za Kericho, ukisema chai bila kuongeza kitu, umesema chai ya maziwa: maji, maziwa, majani na sukari vimechemshwa pamoja katika sufuria moja hadi vikapanda. Isiyo na maziwa haipewi heshima ya jina hilo peke yake. Hiyo ni strungi, au turungi, au chai ya rangi, na mwenyeji akikupa hiyo mara nyingi atakueleza kwanza kwamba ng'ombe amekauka. Ukifika Zanzibar, chai yaweza kukujia na iliki, mdalasini na tangawizi. Mjini Dar es Salaam, mtu akikuuliza asubuhi kama umekunywa chai, hakuulizi habari ya kikombe. Anauliza kama umefungua kinywa. Waweza kuwa umekunywa supu kwa chapati, au uji, na bado ukajibu kwa ukweli mtupu: ndiyo, nimekunywa chai.

Kwetu Kenya kuna pia chai ya saa nne. Fundi akisema, "Nitakuja baada ya chai," anataja saa. Mwalimu akisema, "Mtaleta madaftari wakati wa chai," anataja mapumziko, hata kama siku hiyo hakuna hata mmoja atakayekunywa chochote.

Waingereza nao yamewapata hayo hayo. Neno lao tea ni kinywaji, lakini kaskazini mwa Uingereza, huko Lancashire na Yorkshire, watu wengi hukiita hivyo kile chakula cha jioni chenye viazi, nyama na mboga. Kijana wa Kericho aliyeko masomoni kule akialikwa tea saa kumi na moja jioni, namshauri asile kwanza.

Hapa nisimame kidogo, maana kuna jambo linalonigusa katika safari ya neno hili. Mmea wa chai asili yake ni Uchina, na Wachina wenyewe wana njia mbili kuu za kulitamka jina lake. Katika mkoa wa Fujian, penye bandari ya Xiamen iliyokuwa ikiitwa Amoy, watu husema te. Merikebu za Waholanzi zililibeba neno hilo kwenda Ulaya, na kutoka huko likawafikia Waingereza. Sehemu nyingine nyingi za Uchina husema cha. Wareno waliofanya biashara kupitia Macau wakalichukua hivyo, na hadi leo wanasema chá. Neno hilohilo likapita pia nchi kavu hadi Uajemi, likawa chay, likashuka India likawa chai, na kutoka upande huo, kwa majahazi na wafanyabiashara, likatua katika pwani ya Waswahili. Lilikuwa pwani kabla ya mche hata mmoja kupandwa huku bara.

Kisha ukaja mmea. Mwaka 1903 walowezi waliupanda Limuru, karibu na Nairobi. Katika miaka ya 1920 kampuni kubwa za Uingereza, Brooke Bond na African Highlands iliyokuwa ya James Finlay, zikafika Kericho, zikakuta udongo mwekundu wenye rutuba, milima ya mita 2,000 hivi juu ya bahari, na mvua karibu kila mwezi. Waingereza walileta miche, mitambo, mameneja na lugha yao. Lakini neno lao la kuutajia mmea ule halikushika. Watu wa pale walilichukua la pwani, na Wakipsigis wakalitia katika ulimi wao wakasema chaik. Kwa hiyo mkulima wa Bomet na mwuza vikombe wa Tehran, ambao hawajawahi kuonana, wanaweza kutaja kitu kimoja kila mmoja kwa lugha yake na wakaelewana.

Ardhi ile haikuwa tupu. Ilikuwa ya Wakipsigis na jirani zao, na serikali ya kikoloni iliwaondoa watu ili mashamba makubwa yapatikane. Mwaka 1934 iliwahamisha watu wa ukoo wa Talai, ambao ndimo walimotoka viongozi wa dini walioogopwa na wakoloni, ikawapeleka Gwassi, karibu na Ziwa Victoria, mahali pa joto na malale. Waliorudi miaka mingi baadaye hawakukuta makao yao. Ndiyo maana mzee wa Kericho anaweza kunyoosha fimbo yake kuelekea mlimani na kusema, "Pale kwenye chai palikuwa kwetu." Anasema chai, lakini anataja ardhi. Mkimsikia, msimkatize. Maana hiyo haipo kwenye pakiti ya dukani, wala haijazeeka: madai ya ardhi hizo yamefikishwa hadi kwa wataalamu wa Umoja wa Mataifa na katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya katika miaka hii yenu nyinyi. Na jina la kampuni ile ya kwanza limebaki ardhini vilevile. Karibu na mji wa Kericho kuna mahali watu wanapaita Brooke.

Kwa miaka mingi Mwafrika aliruhusiwa kuchuna chai ya mwenye shamba, ila si kupanda yake. Mlango ulianza kufunguliwa katika miaka ya 1950, hasa baada ya mpango wa kilimo wa Swynnerton wa mwaka 1954. Baada ya uhuru, mwaka 1964, likaundwa shirika la KTDA kuwasimamia wakulima wadogo. Leo wakulima hao ni zaidi ya 600,000 katika nchi nzima, na wengi wana shamba dogo tu, nusu ekari, ekari moja. Hapo ndipo wazazi wa Chepkoech wanapoingia, na hapo ndipo neno chai likapata mwenyewe mpya: chai yetu.

Sasa mfuateni Chepkoech shambani Jumamosi. Miti inamfika kiunoni. Ingeachwa bila kupogolewa ingekuwa mirefu kumpita baba yake, lakini hupunguzwa kila baada ya miaka mitatu au minne ili mkono ufike juu bila shida. Anachuna majani mawili na chipukizi la katikati, mikono yote miwili ikicheza, kisha anatupa nyuma kikapuni. Chukueni chipukizi moja mlitazame kwa karibu, mkiligeuza kuelekea jua. Lina manyoya meupe, laini, madogo sana, yanayoonekana kama vumbi la fedha. Wachina wa Fujian waliyaona zamani wakayaita kwa maneno yenye maana ya manyoya meupe, na Wazungu wakayatamka pekoe. Neno hilo bado liko kiwandani. Mkiona mfuko umeandikwa BP1, PF1 au PD, ile P ni ya pekoe, ni manyoya haya haya aliyoyashika Chepkoech.

Na ile D? Ni ya neno la Kiingereza lenye maana ya vumbi, neno ambalo kila mtoto wa shule analijua. Nimewahi kusikia watu wakilalamika kwamba Kenya inauza vumbi ng'ambo. Katika biashara ya chai neno hilo linataja ukubwa wa chembe tu. Majani yakishasagwa na kukaushwa hupitishwa kwenye chekeche moja baada ya nyingine. Chembe kubwa zinabaki juu, ndogo zinapita chini, na kila ukubwa una jina lake. Zile ndogo, PD na D1, hutoa rangi na nguvu upesi kikombeni, na mara nyingi hupata bei nzuri. Mtu anayelifahamu neno la nyumbani tu atadhani ni takataka zilizofagiliwa.

Majani nayo yana utata wake. Mama yake Chepkoech akisema, "Lete majani," swali ni kwamba anakutuma wapi. Yakiwa ya shambani, ni haya mabichi, na ukiyatia katika maji ya moto hutapata ile chai unayoijua. Yakiwa ya dukani, ni unga mweusi katika pakiti ndogo. Nyumba iliyozungukwa na majani hutuma mtoto dukani kununua majani! Si ajabu. Katikati ya majani hayo mawili kuna kiwanda. Litein, Kapkatet, Momul, Tegat, Mogogosiek, Kapset, Kapkoros, Tirgaga, haya ni majina ambayo watoto wa Kericho na Bomet huyajua kabla ya majina ya nchi za Ulaya. Humo majani hutandazwa na kupulizwa hewa kwa saa nyingi hadi yanyauke. Kisha yanapita katikati ya magurudumu ya chuma yenye meno, yanayoyasaga, kuyararua na kuyakunja. Baada ya hapo yanaachwa yapigwe na hewa, na mkisimama hapo mtaona jambo zuri kuliko yote kiwandani: rangi ya kijani inafifia, inakuwa ya manjano iliyokoza, halafu inakuwa ya shaba, na harufu ya nyasi inageuka kuwa harufu ya chai. Mwisho ni joto la kukausha. Sehemu ya chai hiyo hupakiwa Ketepa mjini Kericho, na nyingi husafiri hadi Mombasa.

Kuna chai moja sitaki kuipita haraka, ingawa haitoki mtini. Mtu anakwenda ofisi fulani kuchukua cheti ambacho ni haki yake. Karani anafungua droo, anaifunga, anatazama dirishani, kisha anasema kwa upole, "Mzee, hata chai hakuna?" Hapo hakuna kiu. Anaomba hongo. Katika Kenya matumizi haya yameenea hadi watoto wanayajua, na nadhani ni vizuri mkijua pia kwa nini neno hili ndilo lililochaguliwa. Hongo ni neno chungu. Anayelitamka anajishtaki mwenyewe. Chai ni neno la ukarimu, la mgeni na mwenyeji, la baridi ya asubuhi. Anayeomba hongo analiazima joto hilo ili ombi lake lionekane dogo na la kirafiki, na ili wewe unayekataa ndiwe uonekane mchoyo.

Lakini kuna pesa ya chai iliyo safi. Kijana amekusaidia kupandisha magunia kwenye lori, kazi imekwisha, hakuomba, nawe unampa shilingi mia kwa moyo wako mbele ya watu. Mtazitofautishaje? Tazameni ni lini inatolewa na kwa nini. Ikidaiwa kabla, na mtu akazuia kilicho chako mpaka alipwe, ni hongo, na sheria ya Kenya ya mwaka 2016 inamhesabu mtoaji kuwa na kosa sawa na mpokeaji. Inaniuma neno hili kutumika hivyo popote, na inaniuma zaidi likitumika Kericho na Bomet, ambako chai ndiyo iliyolipa karo ya nusu ya darasa.

Ng'ambo ya mpaka, Tanzania, vijana wamelipa maana nyingine isiyohusu fedha. Ukiwasimulia kisa kisichoaminika watakuambia, "Hiyo chai," yaani umewatungia uongo. Na huko Marekani vijana husema tea wakitaja umbea, habari za watu zinazonong'onwa. Sehemu mbili za dunia zimeligeuza neno la kikombe kuwa neno la maneno ya watu, labda kwa sababu kila mahali vikombe vikishamiminwa ndipo midomo hufunguka.

Nimeiacha mwisho maana ambayo kwangu ndiyo nzito kuliko zote, kwa kuwa hiyo huingia mfukoni mwa wazazi wenu. Ni kilo ya chai.

Chepkoech amesikia redioni kwamba chai imeuzwa Mombasa kwa bei fulani kwa kilo. Anamwangalia baba yake, anakumbuka malipo ya mwezi uliopita, anakunja uso. "Baba, mbona sisi tunalipwa kidogo hivi? Nani anachukua zingine?" Swali ni zuri, na linastahili jibu la kweli. Jibu linaanzia kwenye neno. Chai ya redioni si chai ya kikapuni. Katika kilo moja ya majani mabichi, kama robo tatu au zaidi ni maji. Kiwandani maji hayo karibu yote yanaondoka. Inahitajika kama kilo nne na nusu za majani kupata kilo moja ya chai kavu inayokwenda mnadani.

Twende polepole, na namba hizi nazichagua kwa ajili ya hesabu tu. Tuseme familia imepeleka kituoni kilo 18. Mizani inaning'inia, karani anatoa uzito wa mfuko, risiti inatoka: 18. Kiwandani hizo zitakuwa kilo 4. Tuseme mnada umelipa shilingi 270 kwa kilo. Kilo 4 mara 270 ni shilingi 1,080. Gawanyeni sasa kwa zile 18 za risiti: shilingi 60 kwa kilo ya majani. Kwa hiyo 270 na 60 ni bei ya kitu kilekile, imetajwa katika kilo mbili tofauti. Anayelinganisha 270 na malipo ya nyumbani moja kwa moja atamlaumu mtu kwa kosa ambalo halikufanyika, na huenda asiyaone yale yaliyofanyika kweli.

Maana yapo ya kuuliza. Kutoka katika zile 60 kuna kuni za kuwashia tanuri, umeme, mishahara ya kiwandani, lori la kubeba majani, lori la kwenda pwani, ghala la Mombasa, dalali, ada ya usimamizi, na riba kama kiwanda kina mkopo. Tuseme vyote hivyo vinakula 15. Zimebaki 45. Kila mwezi mkulima hulipwa sehemu, tuseme 25. Zile 20 zilizobaki huwekwa, na baada ya mwaka wa hesabu kufungwa mwezi Juni na vitabu kukaguliwa, hulipwa kwa pamoja, kwa kawaida kuelekea Oktoba.

Malipo hayo ya Oktoba, kote Kericho na Bomet, yanaitwa bonasi. Hapa Kiingereza kimetufanyia hila bila kukusudia. Katika lugha hiyo, bonus ni nyongeza, ni zawadi mtu anayopewa juu ya haki yake kwa sababu amefanya vizuri au mwajiri amefurahi. Katika nchi ya chai ni salio la pesa za mkulima mwenyewe, zilizokuwa zimekaa kiwandani tangu alipopeleka majani yake. Vitabu vya kiwanda huyaita malipo ya pili, na mimi nalipenda jina hilo zaidi, kwa kuwa linakumbusha kwamba yalikuwapo ya kwanza. Mtu akiamini amepewa zawadi, hushukuru hata ikiwa ndogo. Akijua ni salio lake, huuliza hesabu.

Na watu wameanza kuuliza. Kila Oktoba, viwango vya viwanda vya eneo la Mlima Kenya, kama vile Kirinyaga, Embu na Meru, vinapotangazwa kando ya vile vya Bonde la Ufa, wakulima wa Kericho na Bomet huona pengo, miaka mingine pengo kubwa, na hasira hufika barabarani. Wanaotetea pengo hilo hutaja bei ya mnadani, ubora wa majani na gharama za viwanda. Wakulima hutaja usimamizi. Siwezi kuwapa jibu moja la viwanda vyote, kwa sababu kila kiwanda kina vitabu vyake, na lazima vifunguliwe kimoja kimoja. Lakini mkulima si mgeni mbele ya vitabu hivyo. Ana hisa katika kiwanda anachopelekea majani, huchagua wakurugenzi, na ana haki ya kusimama katika mkutano mkuu wa mwaka.

Baba yake Chepkoech alikuwa akihudhuria mkutano huo, anasikiliza, anapiga makofi, anarudi nyumbani. Mwaka huu binti yake amemwandikia maswali kwenye karatasi ya daftari la hisabati. Mwaka huu kiwanda chetu kilitumia kilo ngapi za majani kupata kilo moja ya chai? Kila kilo ya chai kavu ilitugharimu shilingi ngapi kuitengeneza, na mwaka jana zilikuwa ngapi? Deni la kiwanda ni kiasi gani, na litakwisha lini? Chini kabisa ameandika kwa herufi kubwa, ili baba asisahau akishika kipaza sauti: wakitaja kilo, waulize ni za majani au za chai.